Elimu Isiyokoma katika Nyanda za Ugogo

Wazee husema kwamba elimu haina mwisho. Msemo huu hutajwa sana siku za mahafali, nao hupendeza masikioni mwa watu waliovaa majoho. Lakini ni wachache wanaoupima kwa mambo yaliyopata kutokea. Kama elimu haina mwisho, basi shahada haiwezi kuwa mwisho wake. Na kama shahada si mwisho, haina budi iulizwe ni nani amfundishaye mtu baada ya kuipata, na mtaala wa mafunzo hayo huandikwa na nani. Swali hili lina historia ndefu katika nyanda za kati za Tanzania, nchi ya Wagogo, ambako mji wa Dodoma umekaa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Huko vyuo vikuu vilichelewa kufika, walakini watu wazima hawakuvingoja ndipo waanze kujifunza. Habari zao zafaa kusomwa wakati huu ambapo mitaala ya shahada za uzamili inaandikwa upya, maana zimo ndani yake hasara zilizokwisha kulipiwa na faida ambazo bado hazijachumwa.

Nchi yenyewe ndiyo iliyokuwa mwalimu wa kwanza. Mvua ya Ugogo ni haba. Kwa wastani haipiti sana milimita 550 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tena wastani huo hudanganya, kwani mwaka mmoja mvua huja kwa ghadhabu na kuchukua udongo, na mwaka wa pili hukatika mtama ukiwa unachanua. Watu walioishi katika hali hiyo walijifunza kupanda mtama na uwele, mazao yanayovumilia kiu. Walijifunza pia kutoweka ng'ombe wote katika zizi moja: mwenye mifugo mingi aliigawa kwa jamaa na marafiki waliokaa mbali, ili ukame au maradhi yakifika upande mmoja, upande wa pili usalie na mbegu. Mbinu hiyo haikuandikwa kitabuni, lakini ilikuwa na kanuni zake, mitihani yake na adhabu kwa aliyeshindwa.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosa. Njaa iliyofuata kati ya 1917 na 1920 Wagogo waliiita Mtunya, na jina hilo lilibaki katika vinywa vya watu kwa vizazi. Akiba iliyokuwa imetawanywa kwa hekima ilikusanywa kwa amri, na watu walikufa kwa wingi. Tangu hapo kila mzee wa Ugogo alijua jambo ambalo wapangaji wa maendeleo walikuja kulijua baadaye kwa gharama kubwa: kwamba katika nchi kavu, amri isiyouliza huua.

Haimaanishi kwamba elimu ya kigeni haikuwa na kitu cha kuwapa watu hao. Mwaka 1905 Wajerumani waliweka maabara ya mifugo Mpwapwa, upande wa mashariki wa Ugogo. Mfugaji aliyajua majani, maji na tabia za kila ng'ombe wake, lakini hakuweza kuviona vijidudu vilivyoua makundi mazima, darubini iliviona. Waingereza waliiendeleza kazi hiyo, na kuanzia miaka ya 1930 wataalamu wa Mpwapwa wakajaribu kuzalisha ng'ombe atoaye maziwa zaidi bila kufa kwa ukame. Ng'ombe wa Ulaya peke yake hakufaa, kwani hakuyaweza majani makavu ya Oktoba wala maradhi ya mahali. Basi walichanganya damu ya ng'ombe wa kienyeji na ya ng'ombe wa Bara Hindi, Sahiwal na Red Sindhi, wakatia na damu kidogo ya Ulaya. Kazi ilichukua miaka mingi, na aliyetokea akaitwa kwa jina la mahali: ng'ombe wa Mpwapwa. Mnyama huyo ni ushahidi unaotembea kwa miguu minne kwamba elimu ya maabara na elimu ya zizi zinaweza kuzaa kitu kimoja.

Mwendo wa siku moja tu kutoka hapo, ushahidi wa kinyume ulitolewa mbele ya ulimwengu mzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yake ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, kutafuta ardhi ya kulima karanga. Ujumbe ulikagua nchi kwa wiki chache, na sehemu kubwa ya ukaguzi ilifanywa kutoka katika ndege. Ukashauri zilimwe ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa kabisa ikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa. Trekta zilizonunuliwa kutoka katika masalio ya vita zilivunjikia katika vichaka na visiki vya mibuyu. Udongo mwekundu ulikuwa na mchanga mkali uliokula majembe ya chuma, na kiangazi kilipoingia udongo huo ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikiwa zimefungwa ndani. Mvua nayo ilifuata desturi yake, haikufuata ratiba ya ofisini. Mnamo Januari 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikaribia pauni milioni 36.

Ni rahisi kuwacheka watu wa Kongwa, na wengi wamewacheka. Lakini hawakuwa wajinga, na hapo ndipo penye la kutisha katika habari yao. Walikuwamo miongoni mwao wataalamu wa kilimo, wahandisi na wahasibu waliosoma katika vyuo vyenye sifa. Upungufu wao ulikuwa mmoja: waliihesabu elimu yao kuwa imekwisha kamilika kabla ya kushuka garini. Palikuwa na watu karibu nao ambao wangeweza kuwaambia kwa nini mahali fulani hapakuwa na shamba ijapokuwa palikuwa tupu, na kwa nini Mgogo alipanda mtama akaacha mengine. Watu hao waliajiriwa kung'oa visiki. Hawakuajiriwa kufundisha.

Katika miaka hiyohiyo aliishi Mgogo mmoja ambaye maisha yake yalikuwa jibu kwa kosa hilo. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika sehemu za Ihumwa, karibu na Dodoma, wakati njaa ya Mtunya ikianza. Alisoma katika shule za misheni, akafundisha, akawa karani, kisha liwali na hakimu. Hakuingia chuo kikuu chochote. Vyuo vikuu havikuwako Tanganyika. Walakini hakuacha kusoma. Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama yake, alijifunza hata akawa mmoja wa washairi wakubwa wa lugha hiyo na kiongozi katika chama cha UKUTA. Utanzu wa ngonjera ulipata umbo na umaarufu mkononi mwake. Alipofariki mwaka 1969 alikuwa ameacha vitabu vingi, na baadhi vilichapishwa baada ya kifo chake.

Kwa habari hizi kitabu chake kilicho muhimu zaidi ni kile cha 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Kukitunga, mtumishi wa serikali aliyekuwa na kazi za kutwa alilazimika kuwaendea wazee wa koo mbalimbali, kuzisikiliza habari za asili zao, kuzilinganisha na kuziandika. Hiyo ndiyo kazi ambayo leo hufanywa na mwanafunzi wa uzamili: kuuliza swali, kukusanya ushahidi, kuupima, kuupanga na kuusimamia. Mnyampala aliifanya bila msimamizi na bila ada, wala hakuitarajia shahada. Mwaka 1995 kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza kwa kazi ya Gregory Maddox, mwanahistoria wa Marekani, na tangu hapo watafiti wasiojua Kiswahili hukitumia kama chanzo. Mtu asiyekuwa na shahada akawa mwalimu wa watu wenye shahada za uzamivu.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa imeanza tu kuwa na chuo kikuu kishiriki mjini Dar es Salaam, nacho kilifunguliwa kwa kitivo cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Aliyetaka shahada ya juu alivuka bahari. Watu wazima walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1964, alipoueleza Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Rais Julius Nyerere alisema kwamba watu wazima ndio wafundishwe kwanza, kwa kuwa matunda ya elimu ya watoto yangechelewa kuonekana katika uchumi kwa miaka mingi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kujadiliana na kuchimba vyoo. Hesabu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa karibu theluthi mbili wakati wa sensa ya 1967, walishuka hata kuwa chini ya mmoja katika kumi mwaka 1986.

Fikra hiyo ilipanda mpaka chuo kikuu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba mwanafunzi amalizapo kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza alitumikie taifa na kufanya kazi, na waliomwona akifanya kazi wamtolee ushuhuda. Agizo hilo lilikuwa na taabu zake. Wasichana walilegezewa mapema, kwa sababu miaka ya kungoja iligongana na ndoa na uzazi, na baadaye utaratibu wote uliachwa. Lakini wazo lililokuwa ndani yake halikuwa dogo: kwamba mtu aliyekwisha kushindwa na jambo kazini huja darasani na swali, na mtu mwenye swali hafundishwi kama asiyekuwa nalo.

Wakati huohuo Ugogo ulikuwa ukifundishwa tena kwa amri. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 iliwakusanya wakulima na wafugaji waliokuwa wakikaa mbalimbali, ikawaweka katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji ya bomba haviwezi kufikishwa kwa nyumba zilizotawanyika kama nyota. Lakini kutawanyika kule kulikuwa na sababu, na sababu hiyo haikuulizwa. Mashamba na mifugo ilipobanwa kuzunguka kijiji kimoja, ardhi ilichoka upesi. Mmomonyoko wa udongo, uliokuwa tatizo la zamani hasa upande wa Kondoa, ulizidi kuwatia watu hofu; mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa kwa kifupi HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwa amri katika eneo lililoharibika la Kondoa. Majani na miti vilirudi. Walioondolewa na ng'ombe wao walikuwa na hesabu nyingine ya faida na hasara.

Miongoni mwa wasomi walioyachunguza mambo hayo alikuwamo Idris Kikula, mtaalamu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliandika juu ya Kondoa, na mwaka 1997 kilitoka kitabu chake juu ya athari za kuanzisha vijiji kwa mazingira ya Tanzania. Jina lake litarudi tena katika habari hizi.

Mambo mawili zaidi ya miaka hiyo yaliandaa njia ya elimu ya juu Dodoma. La kwanza ni mpango wa madaraka mikoani wa 1972, uliowapeleka maofisa mipango katika mikoa na wilaya. La pili ni uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma. Nchi ilikuwa sasa na watu wengi wa kupanga maendeleo ya vijijini, na wachache tu waliopata kufundishwa kazi hiyo. Ndipo ikatungwa Sheria Na. 8 ya 1980 iliyokiunda Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini. Kiliwekwa Dodoma, na miongoni mwa mafunzo yaliyokipatia jina ilikuwamo stashahada ya uzamili ya mipango ya mikoa. Wanafunzi wa mafunzo ya namna hiyo walikuwa na shahada ya kwanza, na aghalabu walikuwa na ofisi, mafaili na lawama za wananchi. Kwa hiyo elimu ya baada ya shahada katika nyanda za kati haikuzaliwa kama ngazi ya juu ya chuo kikuu. Ilizaliwa kabla ya chuo kikuu chenyewe, kutokana na haja ya kazi. Mtaala wake ulikuwa na mwajiri mmoja aliyejulikana, yaani serikali, na mhusika mmoja aliyesahaulika kwa urahisi, yaani mtu wa kijijini aliyepangiwa.

Haja ya kumfuata mwanafunzi mahali alipo ilizaa chombo kingine. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mnamo Januari 1994. Makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, na mkuu wake wa kwanza John Malecela, mwana wa Ugogo ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu. Chuo hicho kilifungua vituo mikoani, Dodoma ikiwamo. Mwalimu wa sekondari, karani au afisa wa polisi aliweza sasa kusoma usiku katika nyumba yake, na kwenda kituoni kwa mitihani na mashauri. Wengi walianza na shahada ya kwanza wakiwa na watoto wakubwa, na baadhi hawakuishia hapo.

Mwaka 2007 mambo yaliyokuwa yakiendelea kidogokidogo yalikuja kwa kishindo. Mwaka huo Kanisa la Anglikana lilifungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana katika majengo ya Shule ya Mazengo, shule ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Alliance na baadaye ikapewa jina la mtemi mashuhuri wa Mvumi. Mwaka huohuo serikali ilifungua Chuo Kikuu cha Dodoma katika vilima vya Chimwaga, kikianzia katika ukumbi uliokuwa ukitumika kwa mikutano mikuu ya Chama cha Mapinduzi. Lengo lake lilikuwa kufikia wanafunzi 40,000. Makamu mkuu wake wa kwanza akawa Profesa Kikula, yule aliyeandika juu ya udongo wa Kondoa na vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni. Mtu aliyejua kwa utafiti kilichotokea pale wapangaji walipoacha kuuliza, alipewa kazi ya kujenga mahali pa kufundishia wapangaji wengine.

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa itahamia Dodoma kwa vitendo, na mji ulipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, idadi ya watu wazima wenye haja ya kusoma iliongezeka. Mwanafunzi wa uzamili katika jiji hilo mara nyingi ni mtu wa makamo. Mchana ni ofisa katika wizara, mwalimu au muuguzi. Jioni ni mwanafunzi. Kama ni mama, saa za kusoma huzipata baada ya kila mtu nyumbani kulala. Anailipa ada kutoka katika mshahara ule ule unaowalipia watoto. Kwake kujifunza maisha yote si maneno ya sera. Ni usingizi uliopungua na sukari iliyopimwa. Kwa sababu hiyo ana haki ya kuuliza kile anachofundishwa kimeandikwa kwa ajili gani.

Jinsi mtaala unavyoandikwa yajulikana. Idara hutunga rasimu. Wadau huitwa kutoa maoni. Rasimu hupanda katika vikao vya kitivo na seneti. Mwishowe hupelekwa kwa Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya 2005, ili ipate ithibati. Tangu 2021 kazi ya kupitia mitaala imepata nguvu mpya kutokana na mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaoendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Vyuo vimeagizwa kuwasikiliza waajiri, ili mhitimu asitoke na elimu isiyo na kazi. Agizo hilo ni la haki. Lakini mwenye kuikumbuka historia ya Ugogo ataona kwamba kusikiliza waajiri ni nusu ya safari. Mpango wa karanga ulikuwa na mwajiri aliyejua vizuri anachotaka. Operesheni Dodoma nayo ilikuwa na mwajiri. Waliokosekana mezani walikuwa wale ambao ardhi ilikuwa yao.

Hapa yafaa kumkumbuka mtu mwingine wa Ugogo, Ernest Musa Kongola. Alikuwa mwalimu na mtumishi wa elimu. Alipostaafu, wakati ambapo wengi huiweka kalamu chini, yeye ndipo alipoishika. Alikusanya habari za ukoo wake na za watu wa nchi yake, akaziandika kwa Kiswahili katika miswada iliyopigwa chapa na kupita mikononi mwa jamaa na marafiki. Wanahistoria wa vyuo vikuu walipokuja Dodoma, walimkuta ameshaifanya kazi waliyokuja kuianza. Mwaka 2006 Maddox alichapa kitabu juu ya uandishi wa historia katika Tanzania ya kati, na jina la Kongola likawekwa juu ya jalada pamoja na lake. Tendo hilo lilikuwa la haki, na halitendwi mara nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Peter Rigby alikaa na Wagogo akajifunza kwao habari za ng'ombe na undugu, hata kikatoka kitabu cha 1969 kinachosomwa mpaka leo. Wazee waliomfundisha walikuwa wahadhiri wake kwa kila maana ya neno hilo, isipokuwa kwa mshahara na cheo.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo haifai kupuuzwa. Yasemwa kwamba shahada ya uzamili lazima ipimwe kwa kipimo cha ulimwengu; kwamba mwanafunzi wa Dodoma anahitaji nadharia, hesabu na mbinu za utafiti sawa na mwenzake wa London au Nairobi; na kwamba chuo kikigeuzwa kuwa baraza la wazee kitaacha kuwa chuo. Hoja hiyo ni kweli, na maabara ya Mpwapwa inaithibitisha, kwani masimulizi peke yake hayakuweza kuwaponya ng'ombe. Lakini Mpwapwa hiyohiyo inathibitisha na lililobaki. Darubini haikumtoa mfugaji mahali pake. Nadharia iliyo imara haiogopi kuulizwa na mtu aliyetazama jambo lilelile kwa miaka 60. Iliyo dhaifu ndiyo humwogopa.

Kikwazo kimoja cha mkutano huo ni lugha. Katika nyanda za kati, kama mahali pengine Tanzania, Kiswahili ndicho kilichowafundisha watu wazima kusoma katika miaka ya 1970, na ndicho Mnyampala na Kongola walichoandikia. Tasnifu za uzamili na uzamivu za somo la Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili, nazo zimeonyesha kwamba lugha hiyo yaweza kuubeba uchambuzi mzito. Tasnifu nyingi za kilimo, mipango, afya na elimu huandikwa kwa Kiingereza. Mtafiti huenda kijijini, huuliza kwa Kiswahili au Kigogo, hujibiwa kwa ukarimu, kisha huyafungia majibu katika lugha ambayo waliojibu hawataisoma. Kiingereza kina manufaa yake, na hakuna mwenye akili atakayekitupa. Lakini mtaala ungeweza kumtaka kila mhitimu aandike pia muhtasari wa Kiswahili, aurudishe kijijini, na asimame mbele ya watu waliompa habari ili wamsahihishe. Gharama yake ni ndogo: nauli ya basi na siku moja ya unyenyekevu.

Faida yake yaweza kukadiriwa kwa hasara za zamani. Laiti watu wa Kongwa wangelazimika mwaka 1946 kuisoma ripoti yao mbele ya wakulima wa Kongwa, na kungoja majibu, pauni milioni nyingi zisingefukiwa katika udongo mwekundu. Laiti mipango ya 1970 ingesomwa mbele ya wafugaji kabla ya malori kufika, pengine vijiji vingejengwa kwa namna iliyoacha ng'ombe na nafasi ya kupumua. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ingekuwa hivyo. Lakini lililo yakini ni kwamba wenye habari walikuwapo, tena karibu, na lugha ya kuwauliza ilikuwapo.

Historia hii inaonyesha pande mbili za elimu isiyokoma. Upande mmoja ni wa mtu kurudi darasani: ofisa wa mipango wa miaka ya 1980, mwalimu wa Chuo Kikuu Huria, mama wa Dodoma asomaye usiku. Upande huo umepewa sheria, majengo na fedha, nao umestawi. Upande wa pili ni wa darasa kurudi kwa mtu: msomi mwenye shahada kukubali kwamba bado ni mwanafunzi, na kwamba mwalimu wake wa pili hana joho. Upande huo umeachiwa wema wa mtu mmoja mmoja, kama ule uliotia jina la mwalimu mstaafu juu ya jalada la kitabu. Haujaandikwa bado katika mtaala.

Kutoka vilima vya Chimwaga, kiangazi kinapokuwa kimeanika nchi yote, mtu huona mibuyu iliyosimama mbalimbali na njia nyembamba za ng'ombe zikielekea vijijini. Wanafunzi wengi wa uzamili watazipita njia hizo wakiwa na madodoso mikononi. Kinachobaki kuamuliwa na wale wanaoandika mitaala ni kama watazipita mara moja tu, wakienda kuchukua, au mara mbili.